Tangi la lita 650 la oda mjini Lubumbashi: kioo kinunue, filta ifikirie, changarawe waachie wenyewe

Ukimwendea fundi wa vioo mjini Lubumbashi ukamwambia unataka akwariamu kubwa, mara nyingi hakupi kioo peke yake. Anakupa seti nzima. Hii tunayoihakiki imetoka katika karakana moja ya komuni ya Kenya, mtaa wa humuhumu mjini: tangi la sentimita 180 kwa 60 kwa 60, meza ya chuma, mfuniko wa kioo, taa ya LED, filta ya nje inayokaa chini ya meza, hita moja ya wati 500, pakiti ya karatasi za kupimia maji na mifuko minne ya changarawe za buluu. Tumeipima kwa kazi moja tu: kufuga sikilidi wa Ziwa Tanganyika, hao ndugu wa tilapia wenye rangi, wanaoishi kwenye mawe kuanzia Kalemie kushuka hadi Moba na kuendelea mpaka Zambia. Anayetaka samaki wawili wa kupamba sebule asijitwishe mzigo huu.

Kwa mwenye haraka: kioo na meza ni kazi safi, vina thamani ya pesa. Filta inafaa, lakini si peke yake. Hita, changarawe na karatasi za vipimo mwambie muuzaji abaki navyo na akupunguzie bei.

Kioo na meza

Kioo ni cha milimita 12, na ndivyo inavyotakiwa. Kwa kina cha sentimita 60 na urefu huu, milimita 10 inaweza kushika ikiwa ina mikanda ya juu, ila haiachi nafasi ya kosa lolote. Fundi akikushawishi uichukue, kuna uwezekano mkubwa ndiyo iliyobaki ghalani. Pima mwenyewe ukingo kabla vioo havijagundishwa. Tangi hili lina mikanda miwili ya kioo ya upana wa sentimita 7 iliyolazwa juu, mbele na nyuma, na mingine miwili inayovuka katikati. Bila hiyo kioo cha mbele kingetoa tumbo. Tangi likishajaa, laza bomba la alumini lililonyooka kwenye kioo cha mbele, karibu na ukingo wa juu: likigusa katikati na kuacha uwazi pembeni, pima uwazi huo. Milimita 1 au 2 ni kawaida. Ukikuta 4, toa maji siku hiyohiyo.

Tangi likivuja, mara nyingi kosa ni la silikoni. Fundi wa vioo kazi yake ya kila siku ni madirisha, na karakana huwa na silikoni za aina mbalimbali. Inayotakiwa ni ile inayonuka siki inapokauka, silikoni tupu isiyo na dawa ya kuvu. Ile ya bafuni ina dawa hiyo, na dawa hutoka polepole kuingia majini kwa miezi. Jambo la pili ni unene: kati ya kioo na kioo ibaki silikoni ya milimita 1 hadi 2, mfululizo. Fundi anayeminya vioo hadi vigusane anadhani anakaza, kumbe anaikamua gundi yote nje. Chungulia maungio ya vioo kwa tochi kutoka ubavuni. Silikoni nyeusi iliyoshika vizuri ni nyeusi yote. Penye hewa huonekana doa linalong'aa kama fedha. Katika tangi hili tulikuta doa moja la ukubwa wa punje ya mchele, karibu na mkanda wa katikati, juu ya usawa wa maji. Hapo halina madhara. Lingekuwa kwenye maungio ya chini, tangi lingerudi karakanani.

Liache likauke siku 7, kisha lijazwe palepale karakanani, juu ya sakafu iliyosawazishwa na kutandikwa frigoliti (povu gumu jeupe la plastiki), likae saa 48. Salio lilipe baada ya jaribio hilo.

Meza ni ya bomba la mraba la milimita 40, unene wa milimita 2, miguu 6, juu ina plaiwudi ya milimita 18. Inatosha. Kati ya plaiwudi na tangi weka frigoliti ya sentimita 2, maana kichembe kimoja cha mchanga chini ya kioo kilichobeba uzito huu kinaweza kukipasua. Na uzito wenyewe si mdogo: kioo karibu kilo 130, maji 490, mawe 100, mchanga 60, pamoja na meza unakaribia kilo 850. Sakafu ya saruji iliyolala ardhini haitalalamika. Kwenye ghorofa, lisogeze hadi kwenye ukuta unaobeba nyumba, na meza ivuke boriti badala ya kwenda sambamba nazo. Sawazisha kwa nivo ya mpira wenye maji. Tofauti ya zaidi ya milimita 3 kutoka mwanzo hadi mwisho wa meza irekebishwe kwa vibati chini ya miguu. Usijaribu kuirekebisha kwa kuchomeka kitu chini ya kioo.

Sasa hizo lita 650. Muuzaji amepima nje na kuzidisha. Ukitoa unene wa kioo, sentimita 6 za juu ambazo hazijazwi, na nafasi inayochukuliwa na mawe na mchanga, maji halisi ni lita 490 hivi. Si udanganyifu, ndivyo matangi yanavyouzwa kila mahali, lakini dawa, chumvi na vipimo vyote vinavyofuata hapa vimehesabiwa kwa 490. Anayetia dawa ya lita 650 amezidisha kwa theluthi nzima.

Filta, na umeme unapokatika

Sanduku la filta linasema lita 2,000 kwa saa, wati 35. Namba ya sanduku ni ya pampu tupu. Tukiwa tumeijaza sponji na vigae vyake na mipira imepanda hadi ukingoni, ilijaza ndoo ya lita 10 kwa sekunde 31, yaani lita 1,160 kwa saa. Ni sawa na kuyazungusha maji yote mara 2 na kidogo kwa saa, na sikilidi wanaokula mara nyingi na kuchafua sana wanahitaji mara 5 au zaidi. Kwa hiyo hii ni nusu ya filta unayohitaji. Kwa kulinganisha, Eheim Classic 2217 inajitangaza kwa lita 1,000 tu kwa saa na inakula wati 20. Mashine isiyotangazwa kwa kelele, lakini vipuri vyake vinajulikana dunia nzima. Fluval za FX zina faida nyingine inayotuhusu sana: umeme ukirudi zinajiwasha na kujitoa hewa bila kuguswa.

Hilo la umeme kurudi ndilo kiini cha akwariamu mjini Lubumbashi. Delestaji, yaani mgao wa umeme wa shirika la SNEL, haina adabu ya kupiga hodi. Na filta ya nje, ambayo vitabu vya Ulaya huisifu kuliko zote, ndiyo inayoumizwa zaidi na jambo hilo. Ndani ya pipa lile lililofungwa wanaishi bakteria wanaokula amonia, sumu ya uchafu wa samaki, nao wanahitaji oksijeni kama samaki. Pampu ikisimama, maji yaliyomo ndani huishiwa hewa. Baada ya saa 3 au 4 bakteria wanaanza kufa na uchafu unaanza kuoza. Umeme ukirudi saa nane usiku, kila mtu amelala, pampu inasukuma maji hayo meusi yenye harufu ya yai bovu moja kwa moja kwa samaki. Asubuhi unakuta wamekufa na unailaumu baridi.

Kwa hiyo kanuni ya nyumba iwe hii: umeme ukikatika, chomoa plagi ya filta. Ukirudi ndani ya saa 2, irudishe. Ukichelewa zaidi, fungua pipa, mwaga maji yake, suuza sponji na vigae kwenye beseni lenye maji ya tangi (ya bomba yana klorini, yatamaliza bakteria waliobaki), ndipo uwashe. Ni kazi ya dakika 20 na inachosha ikitokea mara kwa mara.

Ndiyo maana tunasema filta hii ipewe msaidizi: sponji mbili kubwa zinazoendeshwa na pampu ya hewa, zikiwa zimefichwa nyuma ya mawe pande zote mbili. Sponji iko wazi ndani ya maji, haijifungii, na hata hewa ikisimama kwa muda bakteria wake hudumu kuliko wale wa pipani. Pampu ya hewa iwe ya volti 12, ifungwe kwenye betri moja kwa moja bila kupitia inveta. Hesabu ni rahisi. Betri ya ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, na ukitaka ikae miaka usitumie zaidi ya nusu, yaani 600. Pampu ya hewa ya wati 8 itakwenda siku 3. Filta ya wati 35 kupitia inveta itakwenda karibu saa 15. Hita ya wati 300 itaimaliza kabla ya saa 2. Hita isikaribie betri kabisa.

Usisahau kivalvu cha kuzuia maji kurudi kwenye mpira wa hewa, au pandisha pampu juu ya usawa wa maji. Bila hivyo, hewa ikikatika maji hushuka kwa mpira, yanaiua pampu, kisha yanaendelea kutiririka sakafuni.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji: Lubumbashi iko juu, karibu mita 1,200. Maji ya nyuzi 25 usawa wa bahari hushika miligramu 8.3 za oksijeni kwa lita. Hapa kwetu yanashika kama 7.2. Akiba ya hewa ni ndogo tangu mwanzo, na samaki 25 wakubwa wanaimaliza upesi zaidi. Wakikusanyika juu wakipumua kwa haraka, koroga maji kwa jagi wakati mtu anatafuta betri.

Hita moja ya wati 500

Ikataeni. Kidhibiti joto cha hita kikikwama kwenye kuwaka, na hilo hutokea, wati 500 zinaongeza karibu nyuzi 0.9 kwa saa. Kuanzia magharibi hadi alfajiri ni supu. Chukua mbili za wati 200, moja kila upande. Moja ikikwama, joto linapanda polepole na una siku nzima ya kugundua. Moja ikifa, nyingine inashikilia.

Wati 400 zinatosha? Usiku wa Juni na Julai sebule ya Lubumbashi inaweza kushuka hadi nyuzi 14. Kushikilia 25, tangi lisilofunikwa linapoteza kwa makadirio wati 250. Bandika frigoliti ya sentimita 2 nyuma, ubavuni na chini, funika juu, na hasara inashuka karibu na nusu. Umeme ukikatika usiku huo, tangi lisilofunikwa hupoteza kama nyuzi 0.4 kwa saa, hivyo baada ya saa 8 utakuwa na 22. Samaki watapoa na kususa chakula, hawatakufa. Kinachoua kwanza ni ukosefu wa hewa, na fedha za betri ziende huko.

Mawe: hapa ni Katanga

Changarawe za buluu tuziache. Rangi yake hubabuka, na sikilidi wa Tanganyika huchota mchanga mdomoni na kuuchuja. Wanataka chembe za nusu milimita hadi milimita 1. Mchanga wa ujenzi unafaa ukijulikana umetoka mto gani. Kilo 60 zinakupa tabaka la sentimita 4. Uoshe kwa beseni, mkono ukikoroga, hadi maji yatoke meupe.

Mawe yanahitaji maneno zaidi, kwa sababu ushauri unaofaa Ujerumani unaweza kuua hapa. Kila mwongozo husema: dondoshea jiwe siki, likitoa povu ni la chokaa, na chokaa ni nzuri kwa samaki hawa kwa sababu hushikilia pH juu, yaani maji yasiwe na asidi. Ni kweli, na chokaa ya Kakontwe kule Likasi ni jiwe zuri kabisa kwa kazi hii. Lakini malakaiti nayo ni kaboneti, kaboneti ya shaba, nayo hutoa povu kwenye asidi. Lile jiwe la kijani lenye mistari linalochongwa mapambo ni sumu ndani ya tangi. Konokono na kamba huenda kwanza, halafu samaki. Vivyo hivyo kwa jiwe lolote la kahawia lenye vijimishipa vya kijani au buluu, ambalo huku Katanga unaliokota kando ya barabara. Na kile kilima cheusi cha terili karibu na bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini: mawe yake ni meusi, mepesi kupangwa, yanapendeza chini ya taa, na ni taka za kuyeyushia zenye shaba, kobalti na zinki. Yaacheni yalipo.

Kipimo cha nyumbani kinachofaa hapa ni cha msumari. Ponda kipande cha jiwe ukubwa wa kidole gumba, kitie kwenye glasi ya siki, acha usiku kucha. Asubuhi chuja, tia msumari mpya wa chuma uliosuguliwa kwa msasa. Baada ya saa chache utoe: ukivaa ngozi nyekundu, hiyo ni shaba imejibandika juu ya chuma. Siki yenyewe ikiwa ya kijani au buluu, hata msumari hauhitajiki. Fanya hivyo pia kwa kiganja cha mchanga.

Kupanga: mawe makubwa yatangulie, yakae chini kabisa juu ya kipande cha frigoliti au wavu wa plastiki, kisha mchanga umwagwe kuyazunguka. Ukitanguliza mchanga, samaki watachimba chini ya jiwe na siku moja litaangukia kioo. Jenga marundo mawili yenye mapango, acha katikati wazi.

Maji

Tanganyika ni ziwa la ajabu: pH yake juu ni kama 9, KH (ugumu wa kaboneti) 16 hadi 19, GH (ugumu wa jumla) karibu 11. Usilichanganye na Malawi, yenye pH ya 7.8 hadi 8.6 na chumvi pungufu. Samaki wa maziwa haya mawili wasikae pamoja. Ndani ya tangi lenga pH ya 8.5 hadi 8.8, KH 12 hadi 16, nyuzi 25.

Karatasi za vipimo zilizo kwenye seti husoma pH hadi 8.4 tu, yaani zinaishia pale unapoanzia. Nunua vipimo vya matone: pH ya juu, amonia, nitriti (sumu inayobaki bakteria wakila amonia), nitrati (inayobaki nitriti ikiliwa), KH na GH. Ukitumia maji ya foraji (kisima cha kuchimbwa kwa mashine), hasa jirani na kiwanda au mgodi, ongeza kipimo cha shaba.

Kupandisha KH: gramu 3 za bikaboneti ya soda kwa kila lita 100 hupandisha daraja 1. Maji ya bomba yakiwa na KH 4 na unataka 14, tangi zima linahitaji gramu 147. Ziyeyushe kwenye ndoo na uzitie kwa siku 2 kabla ya samaki kuingia. Baada ya hapo unatia kwa maji mapya tu, gramu 45 kwa lita 150 za kila wiki. Kupandisha GH: salfeti ya magnesiamu, ile ya famasi inayotumiwa kuharisha, gramu 4.4 kwa lita 100 kwa daraja 1. Hakikisha ni bikaboneti tupu. Hamira ya unga ya keki ina asidi na wanga ndani yake. Maji yatageuka maziwa. Hakuna haja ya dawa za kupandisha pH: KH ikiwa juu na hewa ikizunguka vizuri, pH hujipandisha yenyewe gesi ya kaboni inapotoka.

Klorini ya REGIDESO, shirika la maji ya bomba, hutoka kwa kuyaacha maji kwenye mapipa na jiwe la hewa kwa saa 24. Asiye na nafasi ya mapipa atumie Seachem Prime, dawa ya kuondoa klorini, mililita 5 kwa lita 200. Ukimimina maji mapya moja kwa moja tangini, pima dozi kwa tangi zima, yaani mililita 12.

Kisha subira. Maji ya pH ya juu hayasamehe amonia. Kwa pH 7 na nyuzi 25, sehemu yenye sumu ni chini ya asilimia 1 ya amonia yote, kwa 8.5 ni 15. Kwa 9 ni 36. Kipimo ambacho mfuga samaki wa maji laini angekipuuza, hapa kinachoma mashavu ya samaki. Kwa hiyo tangi liive bila samaki, bakteria wazaliane kwanza. Washa kila kitu, tia mililita 10 za amonia ya asilimia 10 isiyo na manukato wala sabuni (itikise chupa: ikitoa povu linalodumu, iache), upate miligramu 2 kwa lita. Amonia ikishuka rudisha kiasi hichohicho. Nitriti itapanda, itakaa juu kwa muda wa kukatisha tamaa, kisha itaanguka. Wiki 4 hadi 6 ni kawaida. Siku ambayo dozi nzima inaisha ndani ya saa 24 na nitriti inasoma sifuri, badilisha nusu ya maji au zaidi, ndipo uite samaki. Ukikuta filta ya mwenzako iliyokomaa na yenye samaki wazima, kipande cha sponji yake hupunguza muda huo sana.

Samaki wa kuweka

Chagua kundi moja, si kila kitu kinachong'aa. Anayetaka ukubwa achukue Cyphotilapia gibberosa, yule wa nundu kichwani na mistari myeusi. Wa Moba ni buluu kuliko wengine, na wafanyabiashara wa Ulaya bado wanamwita kwa jina la Zaïre, kana kwamba habari za 1997 hazijawafikia. Dume hupita sentimita 30. Weka 8 wadogo, ubaki na dume 1 au 2. Ni wapole, wavivu, na usiku humeza samaki yeyote anayeenea mdomoni.

Tropheus ni kinyume chake: hawatulii, wanapigana, na dawa yake ni wingi. Weka 25 siku moja, wa aina moja kutoka sehemu moja ya ziwa. Ukianza na 8 utabaki na 2. Wanakwangua mwani kwenye mawe, utumbo wao ni mrefu; chakula kiwe cha spirulina (mwani mkavu), kidogo mara 3 kwa siku. Dagaa, minyoo na moyo wa ng'ombe ni marufuku. Ukiona mmoja amejitenga, ametema chakula na anatoa kinyesi cheupe chembamba kama uzi, ni uvimbe wa tumbo. Metronidazoli ya famasi, miligramu 250 kwa lita 40 (hapa vidonge 12), rudia baada ya saa 48 hadi mara 3, ukibadilisha robo ya maji kabla ya kila dozi, taa imezimwa.

Kuna pia njia ya katikati: Cyprichromis 15 juu, jozi ya Julidochromis kwenye mapango, na Neolamprologus multifasciatus, wa sentimita 3 au 4 tu, ndani ya makonokono matupu upande mmoja wa mchanga. Na kama mvuvi akikuletea mtoto wa kuhe, mrudishe. Huyo ni sikilidi pia, lakini mahali pake ni sahani, si sebule.

Wanaotoka safari ndefu wasidondoshewe maji polepole kwa saa 2, kama inavyoshauriwa mara nyingi. Ndani ya mfuko uliofungwa pH imeshuka kwa pumzi yao, na amonia iliyojaa humo imelala bila sumu. Ukifungua na kuanza kutia maji ya pH 8.7, unaiamsha wakiwa bado ndani. Elesha mfuko uliofungwa dakika 20 joto lilingane, fungua, mwaga maji ya mfuko kwenye ndoo kupitia wavu, samaki waingie tangini. Maji ya safari yasiingie.

Taa ya seti ni kali mno kwa gibberosa, ambaye kwao ni kwenye kina kirefu. Kwa Tropheus ni nzuri, inaotesha mwani. Mfuniko wa vioo viwili umekatwa vizuri, ila kona ya mipira imeachwa wazi sentimita 9, na Cyprichromis wanaruka. Ziba kwa kipande cha sponji.

Karakana inatoa dhamana ya miezi 6 kwa kuvuja, kwa sharti kwamba wao ndio waliolisimamisha tangi nyumbani. Sharti hilo ni la haki. Ila ilitolewa kwa mdomo. Dai iandikwe kwenye fakture (ankara) pamoja na unene wa kioo, aina ya silikoni na tarehe ya kugundisha. Mikanda ya juu nayo itajwe humo, la sivyo ikibanduka utaambiwa dhamana ilikuwa ya maungio tu.